Wikendi moja inatosha kulala Kilimanjaro bila kwenda kileleni

Kwa wanaouliza kama wikendi moja inatosha kulala Mlima Kilimanjaro: inatosha kabisa, mradi msiwe na nia ya kufika kileleni. Jumamosi asubuhi mnaingia geti la Marangu, mnatembea msituni kama kilomita 8, saa tatu hadi nne kwa mwendo wa kawaida, mnalala vibanda vya Mandara (mita 2,720 hivi). Jumapili mnapanda kreta ya Maundi, ni karibu tu na vibanda, halafu mnashuka. Tulifanya hivyo tukiwa watu sita, na wawili kati yetu hawajawahi hata kukimbia mchakamchaka tangu shule. Mbega tuliwaona njiani, wale weusi wenye mkia mweupe.

Ila lazima iwe Marangu. Ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala wapandaji, kwingine kote ni mahema. Magodoro yapo, begi la kulalia mje nalo, na msidanganywe na joto la Moshi mjini: usiku huko juu baridi inauma. Huwezi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, hata kama ni usiku mmoja. Wekeni nafasi mapema, hasa kuelekea 9 Desemba, Siku ya Uhuru, watu wanakuwa wengi.

Na mtu akiwashauri muende Mlima Meru wikendi badala yake, hapana. Huko kuna vibanda vizuri vya Miriakamba na Saddle, lakini safari ya kileleni kwa kawaida ni siku tatu au nne, tena na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati.