Mwache achukue historia ngumu

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kuhusu mjukuu wangu Salma. Mwakani akiingia darasa la kumi na moja hapo California, achukue historia ya Marekani ya AP (Advanced Placement, yaani kozi ya sekondari yenye kiwango cha chuo), ambayo huenda akapata B, au ile ya kawaida ambayo A ana uhakika nayo? Mimi nasema achukue ya AP.

Hofu yako naielewa. Wewe umesoma Tanzania, ambako mtihani wa kidato cha sita ndio unaoamua. Ukishapata pointi zako, hakuna chuo kinachouliza kidato cha tano ulikuwa wa ngapi. Huko Marekani wanaochagua wanafunzi wa vyuo wanasoma ripoti ya alama za sekondari yote, wakiwa na maelezo ya shule mkononi yanayoonyesha masomo gani magumu yanafundishwa pale. Shule ikiwa na kozi 3 za AP na mtoto akazichukua zote, amefanya kila kilichowezekana. Ikiwa nazo 20, naye akazikwepa zote akaleta A tupu, watauliza kwa nini. Nimefundisha sekondari huko miaka mingi, na bado wananiudhi wanaowauzia wazazi idadi fulani ya AP kana kwamba ni dawa.

Kwa vyuo vya University of California hesabu iko wazi. A ni pointi 4, B ni 3, na kozi ya AP inaongezewa pointi 1 mradi mtoto asishuke chini ya C. Kwa hiyo B yake ya AP ni sawa na A ya kawaida, tena atakuwa ameonekana amejaribu kigumu. Nyongeza hiyo ina kikomo cha mihula 8, basi usimruhusu arundike kozi tano mwaka mmoja akose hata usingizi.

Na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo? Vyuo hivyo vya University of California haviiangalii kabisa katika kuchagua wanafunzi. Lakini kuna vyuo vingine vinavyoitaka: MIT waliirudisha 2022, Dartmouth na Harvard wakafuata 2024. Dartmouth walieleza jambo lililonigusa: watoto wa familia zenye kipato kidogo walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia, maana alama hupimwa kwa kuangalia pia mtoto katokea shule gani. Kwa hiyo afanye mtihani, ndipo mwamue pa kutuma alama zake. Asiutegemee tu uje kuziba pengo la ripoti dhaifu.

Ugumu wa kozi ile uko kwenye kusoma na kuandika kuliko kukariri miaka. Mtihani wake wa Mei una insha ya kujenga hoja kutokana na nyaraka 7, na mtoto aliyezoea maswali ya kuchagua jibu hukwama hapo. Kabla hamjajaza fomu ya masomo, mwombeni mwalimu awaonyeshe insha moja ya mwaka jana, Salma aijaribu nyumbani, kisha mnitumie niisome.

Mama yako