Mtoto wa pumu kubadilika tabia: yaliyonipata na kile kidonge cha jioni

Dada wa Likoni, nimesoma swali lako mara mbili na moyo ukanienda mbio. Umesema mwanao wa miaka minne ameanzishiwa kidonge cha kutafuna cha pumu, kifua kimetulia, lakini hii ni wiki ya pili anapiga wenzake, anang'ata, na usiku anaamka kwa mayowe. Mwalimu wa nasari amekuita, na nyumbani wanakwambia umemdekeza. Unauliza kama dawa yaweza kufanya hayo. Yaweza. Mimi yalinipata.

Sisi tuko Majengo. Kijana wangu alianza kubanwa na kifua akiwa na miaka mitatu, kila masika yakishika na ukuta wa chumbani kuota kuvu nyuma ya kabati. Alikuwa na pampu ya buluu ya kufungua kifua na spesa yake, ile chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye pampu ili mtoto avute dawa vizuri. Alipolazwa mara ya pili, daktari alimwongezea montelukast ya miligramu 4, kimoja kila jioni. Hakuna aliyenitajia habari ya tabia. Na vidonge nilipewa vimekatwa, vimetiwa katika bahasha ndogo ya duka la dawa, kwa hiyo karatasi ya maelezo sikuiona kamwe.

Kikohozi cha usiku kilikwisha, nikamshukuru Mungu. Usiku wa tisa, saa nane, nikasikia kitanda kinalia. Nilimkuta amesimama ndani ya chandarua, ameshika wavu kwa vidole vyote, macho wazi, anatazama ukuta. Nikamwita kwa jina, hakunijua. Alikuwa akirudia neno moja tu: "Mwambieni atoke, mwambieni atoke." Nilipomshika alinikwaruza shavu. Asubuhi hakukumbuka kitu, akaniuliza nani kaniumiza.

Mchana nao ukageuka. Mtoto aliyekuwa akishika ncha ya leso yangu kila niendako akawa anamrushia dadake vikombe. Mkate wa mayai ukikatwa vibaya ni kilio cha nusu saa. Nilimchapa, si mara moja, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko lile la chandarua. Mavyaa wangu akasema kashikwa na pepo. Akaletwa mwalimu wa dini akamsomea, akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, siku tatu. Kusomewa sikukatai, bibi yake alifanya kwa mapenzi na mimi mwenyewe niliomba sana siku zile. Lakini kila jioni, kombe likiisha kunyweka, mimi huyo huyo nilimpa tena kile kidonge.

Aliyenifumbua macho ni mfamasia wa duka jingine, nilipokwenda kununua vidonge vingine. Aliniona nimechoka, akauliza mtoto analalaje. Nilipomweleza aliweka boksi mezani, akaitoa karatasi na kunisomea taratibu: ndoto mbaya, kutembea usingizini, hasira, ukali, kuona visivyokuwepo, huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Nilisimama pale nikihesabu, na zaidi ya nusu nilikuwa nazo nyumbani.

Wala si uvumi wa mitandaoni. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwezi Machi 2020 iliipa montelukast onyo lenye kisanduku, ambalo ndilo onyo zito kuliko yote wanayoweka kwenye dawa, na ikasema wenye dalili nyepesi wasianzishiwe ikiwa dawa nyingine zinafaa, hasa wale wa mafua ya mzio tu. Uingereza nayo mwaka 2024 iliagiza onyo liwe wazi zaidi kwenye karatasi ya mgonjwa. Mwongozo wao ni kwamba dalili hizi zikitokea dawa isimamishwe na mganga aonwe mara moja. Watoto wengi sana huitumia bila shida yoyote, na wako ambao imewasaidia kweli. Lakini mzazi ana haki ya kuambiwa kabla, si baada ya kumchapa mtoto.

Sasa, kabla hujakipa kidonge lawama yote, angalia na dawa nyingine anazotumia, maana kila moja ina saa zake. Pampu ya buluu, salbutamol, huleta mkono kutetemeka, moyo kwenda mbio na mtoto kutotulia, lakini mambo hayo huja upesi baada ya kuvuta na huisha baada ya saa chache. Salbutamol ya maji ya kunywa husumbua zaidi, kwa kuwa inazunguka mwili mzima. Kama bado anapewa hiyo, uliza kwa nini asitumie pampu na spesa. Prednisolone, ile ya siku chache anapobanwa vibaya, wangu humfanya awe na njaa ya ajabu na kukosa usingizi, na watoto wengine huwa wakali au walizi. Hiyo mpe asubuhi baada ya chakula, sio usiku. Na kumbuka kwamba mtoto anayekohoa usiku kucha pia huamka na hasira, hata bila dawa.

Nilichofanya mimi ni kuchukua daftari la shule la dadake na kuandika. Saa ya kila dawa, saa aliyolala, saa aliyokurupuka, alichofanya mchana. Siku sita tu. Ukurasa ule ulionyesha kwamba pampu ya buluu hakuigusa siku nne, na usiku zote nne aliweweseka. Nilimpelekea daktari, akalisoma bila kunikatiza, akaandika asimamishwe montelukast siku ile ile. Badala yake akampa pampu ya kahawia, beclomethasone, asubuhi na jioni kwa spesa, na kusukutua mdomo kila baada ya kuvuta. Usiku wa nne alilala mpaka adhana ya alfajiri. Hasira za mchana zilichukua kama wiki tatu kupungua. Kwa watoto wengi mambo huisha dawa ikisimama, ila kuna wanaochelewa, kwa hiyo usikate tamaa wala usiache kumtazama.

Dada, neno hili lishike: pampu usimwachishe. Kuna mama hapa mtaani alisikia habari hizi akafungia kabatini kila dawa, na mtoto alifika hospitali midomo imegeuka rangi. Pumu inaua. Anayeshukiwa ni montelukast peke yake, na ikisimamishwa, daktari ndiye wa kusema atawekewa nini mahali pake. Usingoje miadi ya mwezi ujao, nenda kesho. Na kama ametamka kwamba anataka kujiumiza au kufa, au anaona watu wasiokuwepo akiwa macho, usingoje hiyo kesho.

Angalia pia jina. Kwenye boksi jina la kampuni huandikwa kwa herufi kubwa, na montelukast huandikwa kwa ndogo chini yake. Siku hizi kuna dawa za maji za mafua na mzio zilizochanganywa montelukast na levocetirizine. Mtoto aweza kuacha kidonge kwa daktari mmoja na kukirudia kwa jina jingine akienda kutibiwa mafua, au akapewa vyote viwili. Mimi nimeandika "asipewe montelukast" kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki kwa kalamu nyekundu. Mfamasia pia aliniambia kuwa Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa hapa Kenya, hupokea ripoti za madhara hata kutoka kwa wazazi, nikapeleka yangu.

Mwalimu wa nasari mweleze kwa ufupi, ili asimwekee jina la utundu. Mimi nilimwonyesha daftari, akaomba radhi kabla sijamaliza.

Na kama ulimchapa, mwombe msamaha hata akiwa mdogo. Wangu nilimkalisha barazani jioni moja, nikamwambia zile siku alizokuwa akikasirika ilikuwa dawa, haikuwa yeye. Alinyamaza kidogo akichezea kiatu, kisha akaniuliza kama ile dawa bado imo nyumbani. Nikamshika mkono tukaenda jikoni, nikamfungulia droo akatazama ndani mwenyewe.