Shangazi, mimi ni mpimaji, chai nawatilia mimi

SWALI

Shangazi, assalamu alaykum. Mimi ni msichana wa Chake Chake, nimesomea ujenzi na sasa ni mpimaji kwenye kampuni inayojenga barabara. Wanawake ofisini tuko wawili, mimi na mama anayefanya usafi. Kikao kikianza tu, macho yote kwangu: "Binti, hebu tutilie chai." Nikitoa wazo haitikii mtu, akilirudia mwanamme baada ya muda kidogo, "Ahaa, hapo sawa!" Juzi wazo langu la kuongeza kalvati lilikwenda hivyo hivyo.

Kwenye grupu la WhatsApp la kazi, kila asubuhi vichekesho vya wanawake: hawajui kuendesha gari, hawajui hesabu. Nilipoomba waache, mmoja akaandika, "Mwacheni, kaingia siku zake." Wakamimina vicheko. Kisha nikaweka Facebook picha yangu na mashine ya kupimia, njia ya Wete, watu nisiowajua wakaandika "Mumeo anapikiwa na nani?" na mengine ya sura na nguo. Msimamizi wangu kaniambia niifute, ati naitia aibu kampuni. Mwenzangu mmoja hunitumia ujumbe pembeni, "Pole dada, wamezidi," lakini grupuni kimya. Nifanyeje?

*Mpimaji, Pemba*

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu. Mie nimeanza kazi za ofisi Unguja enzi za taipureta, na uchafu kama huo siku zile uliandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Mwandishi hakutia jina. Hawa wa kwako wanaandika kwa jina lao, picha yao na namba yao ya simu, na bosi anasoma. Wamekurahisishia kazi.

Tuanze na chai, maana utaambiwa ni jambo dogo. Wewe umesimama na chupa ya chai unauliza nani hatii sukari, wenzio wameshaifungua ramani na kugawana kazi. Ukirudi kitini umebakishiwa makombo. Basi usisuse, wala usitie huku umevimba mashavu. Kaa ulipo, fungua daftari, uliza kwa sauti ya kawaida: "Leo zamu ya nani?" Wakisema hakuna zamu, sema ianze leo na wewe utatia Jumatatu. Na Jumatatu itie kweli, nzuri, yenye iliki. Jumanne tutaona nani kavunjika mkono.

La kalvati lina dawa yake. Kabla ya kikao, pendekezo lako liwe limeshafika kwa maandishi, lina mchoro, lina jina lako. Likirukiwa na mwengine, usigombe. Mwambie hapo hapo, "Nashukuru kwa kuliunga mkono pendekezo langu, vipimo vyake hivi hapa," ukaeneza karatasi mezani. Asiyepima hana vipimo, atakaa kimya mwenyewe.

Vichekesho vya gari na hesabu, waandikie mara moja tu: "Sijakifahamu, nifahamisheni." Nimemwona bwana mzima, mwenye kofia ya kiua, akitokwa jasho kueleza kichekesho chake mbele za watu.

Lakini "kaingia siku zake" usikitie kwenye kapu hilo. Hapo umeshambuliwa mwili wako, mbele ya wafanyakazi wote, kwa sababu umelalamika. Piga picha ya skrini yenye tarehe, mwandikie meneja barua fupi, ubaki na nakala. Usiandike namna ulivyoumia, ingawa najua umeumia. Andika kilichosemwa, aliyesema, lini, na nani walicheka. Taja Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inayokataza ubaguzi kazini. Wakikupuuza, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana ofisi hapo hapo Chake Chake, na Kamisheni ya Kazi ipo kwa ajili hiyo.

Facebook sasa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, alitungiwa maneno kuwa kaja mjini na kaniki, nguo ya kimaskini, kama si sauti angekula nini. Angalia wajinga hao: kaniki waliicheka, sura waliicheka, sauti waliikubali. Na hao wa kwako, yuko aliyesema vipimo vyako vimekosea? Wafungie, usiwajibu, na picha usiifute. Kama msimamizi anaona aibu, muombe akuandikie kwa barua aibu yenyewe ni ipi. Hataandika.

Ila akitokea wa kukutisha au kukuandama usiku na mchana, hilo peleka polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi Bara na Visiwani, na unyanyasaji wa mtandaoni umo ndani yake. Usiende kwa kila mpuuzi tu, utakesha kituoni.

Huyo wa "pole dada" ndiye aliyeniudhi kuliko wote, wallahi. Mwambie asante, kisha mwambie maneno hayo hayo ayaandike grupuni. Akikataa, basi salamu zake za pembeni usizihesabu.

Meneja akikujibu, niandikie. Jina la kampuni usilitaje, mhariri wangu mwoga.