Kiini ni kiini, si "nyuklia"

Mwalimu wa fizikia wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, amenitumia karatasi aliyowatafsiria wanafunzi wake kutoka Kifaransa, juu ya maputo yanayopima chembe zitokazo mbali angani. Anauliza: aandike "mionzi ya kosmiki" au "miale ya kosmiki"?

Andika mionzi, ndugu Mwalimu. Kweli hizo ni chembe. Jina alilitoa mwanafizikia Mmarekani Robert Millikan mwaka 1925 akiamini ni mionzi kama ya gama, yaani mwanga usioonekana wenye nguvu nyingi. Alikosea, lakini jina limeshaota mizizi. Tuliache.

Nisiloweza kuliacha liko mstari wa tatu: "puto hupima nyuklia za angani." Neno hili linanichosha miaka mingi! Nyuklia haihesabiki, hakuna nyuklia moja wala mbili. Kuna bomu la nyuklia na nishati ya nyuklia. Na sisi ni watu wa Katanga: urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe iliingia katika mabomu ya nyuklia ya Marekani ya 1945. Mama akisikia kwa mtoto wake kwamba nyuklia zinashuka kutoka angani, atakimbilia kufunika ndoo za maji, na hatakuwa na kosa.

Kinachopimwa ni sehemu ya katikati ya atomi, na neno lake tunalo: kiini. Kilatini nucleus ni hicho hicho kiini cha kokwa, na noyau ya Mfaransa ni ya embe pia. Chukua embe darasani. Menya, kula nyama yote, kausha kokwa, pasua lile ganda lenye nyuzi: ndani kimelala kiini cheupe. Chembe hizi nazo ni atomi zilizofika zimevuliwa elektroni zote, zile chembe ndogo zinazozunguka kiini. Nyama imekwisha, ganda limekwisha, kimebaki kiini kitupu kinachokwenda kasi karibu na ya mwanga. Hewa yetu hukivunja kabla hakijatua, ndiyo maana kifaa hupandishwa kwa puto hadi kilomita 38 hivi. Puto lililobeba kifaa kiitwacho SuperTIGER lilielea siku 55 juu ya Antaktika, kuanzia Desemba 2012. Kiini kikipita ndani ya kifaa huacha mwanga kwa kipeo cha pili cha idadi ya protoni zake, chembe zilizomo ndani yake (idadi mara idadi): cha chuma, chenye protoni 26, huacha kama mara 676 ya cha hidrojeni, chenye protoni moja, kikiwa na kasi ileile. Hata viini vya shaba, vyenye 29, vilihesabiwa. Mtoto wa Lubumbashi akisoma "kiini cha shaba" anaelewa palepale. Akisoma "nyuklia ya shaba" atadhani ni silaha.

Mstari wako uwe: "Puto hubeba kifaa kinachopima viini vya mionzi ya kosmiki." Karatasi ulizokwisha kugawa, zikusanye uzisahihishe kwa kalamu.