Re: Nyama ya nyati imegoma kuiva kambini

Pole sana ndugu yangu. Saa tatu motoni na bado mnatafuna kama kandambili, na maharage nayo yameungulia! Nyama haina kosa. Nyati ametembea porini maisha yake yote, msuli umekomaa na mafuta hana. Ukimpikia moto mkali kama kuku wa kisasa, atakushinda tu.

Safari ijayo beba papai bichi. Likwaruze na maganda yake, changanya na tangawizi na chumvi, paka nyama kwa saa moja hivi. Usilaze usiku kucha, itakuwa uji. Kabla ya hapo kata vipande vidogo kwa kukatisha nyuzi. Ukifuata nyuzi, mtavuta kwa meno mpaka jogoo awike. Kisha kaanga na mafuta ya kutosha, mimina maji ya moto, punguza kuni, funika na uweke jiwe juu ya kifuniko. Ikichemka taratibu, ukisikia "pwa... pwa...", iache hivyo hivyo. Mchuzi wa namna hiyo na ugali, hata dereva mkali atacheka.

Maharage yakishika chini, usikoroge hata kidogo! Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, ongeza maji ya moto na kitunguu kibichi.

Ngiri usimle nusu mbichi, aive mpaka ndani. Na risiti ya bucha la nyamapori itunze vizuri, njiani utaulizwa.