Fundi Babu Anajibu: Geti Linaburuza

SWALI: Shikamoo babu. Nina shamba la ekari sita nje kidogo ya Urambo, mahindi na ng'ombe wachache. Fundi alinisimikia geti la bomba la mita 4, nguzo ya mninga mnene, chini imemwagiwa zege. Mvua zilipokolea nguzo ikaanza kulalia upande wa geti. Sasa geti linaburuza chini na komeo halifiki tunduni. Fundi anasema tung'oe, tuweke nguzo nene zaidi na saruji mifuko miwili. Nikubali? (Mama Mfugaji, Urambo)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya saruji kanunulie chumvi ya ng'ombe. Nguzo yako inatosha, ila imeachwa peke yake. Geti refu namna hiyo linavuta kichwa cha nguzo usiku na mchana, na mchanga wa huko ukilowa hauzuii kitu. Zege nalo linageuka pamoja na nguzo, kama jino lililolegea na ufizi wake.

Simika nguzo ya pili kwenye mstari wa ua, umbali wa kama mara mbili ya kimo cha ua. Ua wa mita 1.2, basi mita 2.4. Karibu na vichwa vya nguzo hizo laza mti wa kukaza, uukalishe kwenye mkato mfupi wa nguzo, usikate nguzo hadi nusu. Halafu waya mnene wa mshazari, mizunguko miwili, uusokote katikati kwa kijiti mpaka ulie.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Seng'enge inavuta nguzo ya geti kuelekea upande wa ua. Waya wa kupambana nayo unatoka mguuni mwa nguzo ya geti na kupanda hadi kichwani mwa nguzo ya pili. Geti linavuta kinyume, kwa hiyo waya wake unatoka kichwani mwa nguzo ya geti na kushuka hadi mguuni mwa ile ya pili. Upande wa bawaba funga zote mbili zipishane. Upande wa komeo, ule wa kwanza unatosha. Ukiukosea mwelekeo, waya utaning'inia tu kama kamba ya kuanikia nguo, na fundi atadai hela ya saruji tena.

Kabla ya hayo yote, ling'oe geti kwenye bawaba, chimbua kando ya nguzo, ivute isimame, pima kwa timazi. Rudisha udongo kidogo kidogo, kina cha sentimita 15 kila safari, ushindilie kwa kitako cha mtaimbo. Angalau theluthi ya nguzo iwe ardhini. Fanya Mei, udongo ukiwa bado na unyevu. Mchanga mkavu wa Septemba haushindiliki.

Geti likiwa wazi linavuta upande mwingine kabisa, ambako hakuna waya. Ncha yake iegemee jiwe.

Nguzo ya pili ikiwa ya mninga, chonga ule mti mweupe wa nje wote, mchwa wanaupenda. Kinachodumu ni kiini. Na usiende porini na shoka bila kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu. Ukinunua mkaratusi uliotiwa dawa, usikate ncha inayoingia ardhini, kwa sababu dawa iko pembeni, haifiki moyoni.

SWALI: Mzee, nichome ncha za nguzo au nizipake oili chafu? Udongo wangu ni mbuga nyeusi. (Msomaji, Nzega)

JIBU: Ukizichoma, mkaa wa juu unapasuka na mchwa wanapita kwenye nyufa. Oili chafu inaingia ardhini, na kama una kisima karibu usithubutu. Shida yako kubwa ni hiyo mbuga: kiangazi inapasuka na kuachana na nguzo, masika inavimba na kuisukuma. Chimba shimo pana, jaza kokoto na changarawe badala ya udongo uleule, ushindilie. Au kwenye mstari wa ua panda minyaa, nguzo ubakize za geti na kona tu. Ukiikata, linda macho na utomvu wake.