Ukizunguka shamba, wasikilize ndege kwanza

Ukiona mtu analalamika kwamba shambani kwake hakuna wanyama, mtazame anavyotembea. Anapita kama aliyekuja kuomba moto. Mzunguko mfupi wa nusu saa, kutoka banda la kuku hadi ukingo wa shamba, kupitia bwawa na kile kichaka ambacho hakijafyekwa, una viumbe wa kutosha kabisa. Tatizo ni kwamba wao walishakuona zamani wakajificha. Mimi nimeacha kuwatafuta. Kazi hiyo nawaachia ndege, nami nasikiliza.

Toka jua linapochomoza, au jioni joto likishapungua. Adhuhuri huwa pamekufa, isipokuwa mijusi inayoota jua na mwewe anayepanda na hewa ya moto bila kupiga bawa. Mbwa abaki nyumbani. Najua anapenda matembezi, lakini ukiwa naye utakachokiona ni mkia wake tu.

Sasa kuhusu kusikiliza. Huhitaji kujua sauti ya kila ndege. Jifunze tu kutofautisha wimbo na kelele ya tahadhari. Mwewe akipita juu, ndege wadogo wengi hutoa mlio mwembamba, mkali, ambao hata ukitega sikio hujui unatoka wapi, kisha wananyamaza na kutulia majanini. Inua macho angani upesi. Lakini adui akiwa ametulia mahali, iwe bundi, nyoka, paka au nguchiro anayenyemelea vifaranga, mambo ni tofauti. Hapo wanakusanyika na kumzomea waziwazi, shomoro, shore na chozi pamoja, kila mmoja akirukaruka huku akimwelekea yuleyule. Fuata midomo yao inakoelekea.

Ni kelele kama hizo zilizonionyesha bundi aliyekuwa akilala kwenye mti ambao nilikuwa nikiupita kila mara. Rangi yake na ya gome hazikutofautiana sana. Chini ya mti kulikuwa na vidonge vya kijivu, vikavu, ambavyo mtu angedhani ni kinyesi. Sivyo. Bundi humeza panya mzima, halafu hucheua kile kisichosagika tumboni. Kipasue kimoja kwa kijiti utakuta manyoya, mbavu, hata fuvu zima la panya lenye meno yake. Anayemfukuza bundi kwa kuogopa mkosi anawafugia panya ghala.

Ndege wakizomea kitu kilicho chini, kwenye nyasi au ndani ya kichaka, usiingie kuangalia. Simama mbali na utumie macho. Nyoka wengi huondoka wakisikia mtikisiko wa hatua zako, ila kifutu ana tabia mbaya ya kutulia palepale akitegemea rangi yake, na ndiyo maana watu humkanyaga. Kwa hiyo vaa viatu vinavyofunika mguu, na ukikuta gogo limelala njiani usilivuke kwa hatua moja. Kanyaga juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Ikitokea mtu kaumwa, msichanje wala kunyonya jeraha. Mvueni pete na viatu, mguu au mkono ulioumwa utulizwe, na safari ya hospitali ianze papo hapo.

Kuna pia mkusanyiko wa ndege usio na ugomvi: wanashuka chini, wanadonoa, wanaruka kidogo, wanashuka tena. Mara nyingi hapo siafu wanapita na panzi wanatimka mbele yao, basi ndege wanajilia bila jasho. Angalia unaposimama.

Ukimya nao una habari. Ukikaribia bwawa, vyura hunyamaza ghafla. Wengi hugeuka na kuondoka wakati huo. Wewe simama tu, usisogeze hata mkono. Mmoja ataanza, wa pili atajibu, na baada ya muda bwawa zima litakuwa limekusahau.

Utakutana pia na ndege anayeburuza bawa ardhini kana kwamba limevunjika. Usimkimbilie kumsaidia, maana hana hata mkwaruzo. Ana mayai au makinda karibu na miguu yako na anakuvuta mbali nayo. Rudi ulikotoka, ukiangalia kila unapokanyaga. Kinda mwenye manyoya aliyesimama chini naye mwache, kwa kawaida wazazi wake wako karibu na bado wanamlisha. Aliye uchi bado, mrudishe kiotani kama unakifikia. Hawatamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako.

Mnyama ninayemwogopa kuliko nyoka ni yule asiyeniogopa. Mbweha anayekusogelea mchana kweupe, anapepesuka au anatokwa na mate, huenda ana kichaa cha mbwa. Ondoka. Akikuuma au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Na kama unataka wageni zaidi, acha kipande cha mbali cha eneo lako bila kufyeka. Nyasi za karibu na nyumba zikate fupi, na kuni zipange mbali na mlango, kwa sababu panya hupenda kujificha humo na nyoka huwafuata.